"Anza Tu": Itikadi Inayotujengea Magofu

Anayesafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Dodoma huitambua Kibaigwa kwa soko lake la kimataifa la mazao, na kwa malori yanayopanga foleni kando ya barabara kuu tangu mavuno yanapoanza. Lakini akitazama vizuri kupitia dirishani ataona jambo jingine ambalo hakuna anayelitangaza. Ataona kuta. Kuta za tofali za kuchoma zilizosimama bila paa, zingine zimefika kwenye lenta, zingine zimekomea kwenye madirisha. Mwarobaini umeota sebuleni. Mbuzi wanajikinga jua ndani ya kile ambacho ramani ilikiita chumba kikuu cha kulala. Tunayaita maboma, na tumeyazoea kiasi kwamba hatuyaoni tena.

Mwezi uliopita nilishuka Kibaigwa kumjulia hali mama yangu. Nilitembea kwa miguu kutoka sokoni hadi nyumbani, na safari hii nikaamua kuyahesabu. Katika mwendo wa nusu saa nilihesabu maboma 31. La thelathini na moja ni langu.

Nalisema hilo mapema ili asiwepo wa kuniuliza baadaye nazungumza kama nani. Nazungumza kama mhadhiri ambaye kwa miaka mingi amewafundisha vijana namna ya kuandaa na kutathmini mipango ya maendeleo, ilhali mpango wake mwenyewe umesimama juani bila paa tangu mwaka 2016. Sina mahali pa kujificha. Afadhali basi aibu hii itumike kufundishia.

"Anza tu." Hayo ndiyo maneno mawili yaliyoyasimamisha maboma yale. Utayasikia kwa mzee wa ukoo, kwa mhamasishaji wa semina, kwa afisa mikopo anayepita maofisini karibu na siku ya mshahara, kwa viongozi wa dini, na kwa rafiki ambaye boma lake nalo linanyeshewa. Anza na ulichonacho. Piga msingi kwanza, mengine yatajipa. Tumeupandisha cheo ujasiri wa kuanza hadi ukaushinda uwezo wa kumaliza, na mtu akiuliza "nitamaliza kwa fedha gani?" anaambiwa hana imani. Hoja yangu leo ni kwamba huu si ushauri bali ni itikadi. Kwamba imemeza akiba za watu wa kipato cha chini kuliko ulevi na harusi tunazozilaumu kila siku. Na kwamba haikuzaliwa kwa mkulima wa Kibaigwa. Mkulima ameirithi kutoka kwa waliopanga mambo makubwa ya nchi hii, wakoloni kwanza na sisi wenyewe baadaye.

Nianze kwa kuwatendea haki wanaoitetea, maana sababu zao si za kipuuzi. Kiwanja kisichoendelezwa huvamiwa, na masharti ya umiliki humtaka mwenye kiwanja akiendeleze ndani ya muda aliopewa. Fedha taslimu nazo hazikai: mtoto ataugua, ndugu atafiwa, ada itadaiwa. Hakuna shemeji anayekuja usiku kuazima tofali 500 akaahidi kuzirudisha mwisho wa mwezi. Na benki zetu? Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili Mtanzania wa kawaida apate mkopo wa kujenga, ilifungwa mwaka 1995. Ilitungwa sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuyapatia mabenki mitaji ya mikopo hiyo. Lakini katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu milioni 61.7, mikopo ya nyumba bado huhesabiwa kwa maelfu machache tu. Kwa mkulima wa mahindi asiye na hati wala hati ya mshahara, mlango huo haujawahi kufunguliwa. Kwa hiyo ukuta ndio benki yake. Anaweka tofali leo, anaweka tofali mwakani.

Nakubali yote hayo. Tatizo ni kwamba benki hii haitoi riba, na amana yake huoza.

Muulize fundi yeyote mzoefu atakwambia: boma ndiyo sehemu rahisi. Tofali la kuchoma hufyatuliwa kwa udongo wa palepale, kuni za palepale na mikono ya vijana wa palepale. Kuta hupanda haraka, na macho ya jirani huona haraka. Gharama inakuja pale macho ya jirani yanapoacha kushangaa: mbao za kenchi, bati, misumari, fremu na milango, nondo za madirisha, vioo, lipu ndani na nje, sakafu, nyaya za umeme, mabomba, shimo la maji taka, choo chenyewe, dari, rangi, tangi la maji. Kwa kawaida boma halifiki hata nusu ya gharama ya nyumba inayokalika. Anayesema "nyumba nimemaliza, bado kupaua tu" hajafika hata katikati ya safari, na mbaya zaidi hajui.

Wakati anasubiri, hali ya hewa haimsubiri. Ukanda wetu hauna mvua nyingi, lakini ile kidogo tunayoipata hushuka kwa kishindo kati ya Desemba na Aprili, na hupiga moja kwa moja juu ya kuta zisizo na kofia. Kama tofali ziliungwa kwa udongo ili kuokoa saruji, udongo huo huoshwa. Nondo zilizoachwa wazi juu ya lenta hushika kutu. Mchwa hufanya kazi yao kwenye fremu. Fundi aliyeanza amehama, na fundi mpya, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, hukuta kila kitu kimekosewa na hubomoa kwanza. Baada ya misimu sita mwenye nyumba amelipa mara mbili kwa ukuta uleule.

Mimi nilifanya makosa yote hayo nikiwa na shahada tatu. Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma bila kuchelewa tena, sote tulishikwa na homa ya viwanja. Nilikuwa na kiwanja cha urithi Kibaigwa. Ramani niliipata kwa rafiki wa Dar es Salaam: vyumba vinne, sebule mbili, veranda ya nguzo. Ilichorwa kwa ajili ya kiwanja kingine, udongo mwingine na mfuko mwingine. Sikumlipa mkadiriaji majenzi, maana niliona ni gharama isiyo ya lazima. Sikuchimba hata shimo la majaribio kujua chini kuna nini. Upande mmoja wa kiwanja una udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Kona ya nyumba iliyokalia udongo huo ilianza kuonyesha ufa kabla hata hatujafika kwenye lenta. Tunapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo haimsaidii mtu ambaye ufa wake umetoka chini ya msingi.

Fedha nilikopa kwa dhamana ya mshahara. Hapa naomba watumishi wenzangu wanisikilize, kwa sababu najua wengi mko kwenye njia hii. Tuseme mtumishi anakopa shilingi milioni 15 na kukatwa kwa miaka sita. Anaanza nyumba ambayo, ikihesabiwa kwa ukweli hadi mtu alale ndani, inahitaji milioni 45. Mkopo unaisha kwenye boma. Makato yameshaigusa ile theluthi ya mshahara ambayo haikatwi, kwa hiyo hawezi kukopa tena wala kuweka akiba. Kwa miaka sita analipa deni la nyumba asiyoishi na analipa kodi ya nyumba anayoishi. Analipia nyumba mbili, na hakuna hata moja iliyo yake kwa maana ya kuwa na usingizi ndani yake. Halafu deni linapokwisha, bei ya bati na saruji si ile ya mwaka alioanza. Wanaokumbuka mwishoni mwa mwaka 2020, saruji ilipopanda ghafla hata Waziri Mkuu akawaagiza wakuu wa mikoa wachunguze chanzo, wanajua ninachokisema.

Mama yangu naye alichangia. Kwa misimu mitatu aliuza magunia na kunipa fedha kwa mkono wake, kwa sababu nilimwambia kwamba nyumba ile ni yake na kwamba ataingia "mwakani". Bado anaishi katika nyumba ya zamani, hatua arobaini kutoka kwenye boma, chini ya bati lililotoboka ambalo tumeacha kulibadilisha kwa sababu "nyumba mpya inakuja". Huo ndio ubaya ambao hautajwi katika hesabu za ujenzi. Boma haliishii kwenye kuchelewesha nyumba mpya, maana linaiua na ile ya zamani. Hakuna anayetengeneza paa la nyumba anayoamini ataihama.

Sasa nitoke kwangu niende kwa wakubwa, maana nilisema itikadi hii ina ukoo.

Boma maarufu kuliko yote katika wilaya yetu ya Kongwa hatukulijenga sisi. Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilimtuma John Wakefield na wenzake kuja kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa Afrika Mashariki kwa mashine. Waliizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiitazama kutoka angani, wakarudi na ramani ya ekari zaidi ya milioni tatu na makadirio ya pauni milioni 24 hivi. Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Mwaka 1947 kazi ikaanza kwa kishindo: matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Hakuna aliyepima vya kutosha mvua ya misimu kadhaa. Hakuna aliyemwuliza Mgogo kwa nini hapa mtu huchagua mahali pa kulima kwa uangalifu mkubwa. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, majembe yakavunjika, na karanga zilizokomaa zikagoma kung'oka. Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa nao vitabuni. Sehemu ya ardhi ile leo ni ranchi.

Waingereza wana vitabu vingi vya kujicheka kuhusu jambo hilo. Sisi tunaokaa palepale tungepaswa kulisoma kama onyo la ujenzi. Ramani kubwa, makadirio yaliyofanywa na watu wenye haraka, udongo usiopimwa, na imani kwamba tukishaanza mengine yatajipa: ni boma langu, lililozidishwa mara milioni kadhaa.

Je, tulipojitawala tulijifunza? Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na muda uliowekwa ulikuwa miaka kumi. Mamlaka ya kustawisha mji huo ikaundwa, mpango kabambe ukachorwa na wataalamu kutoka Kanada. Miaka kumi ikapita, ishirini ikapita, arobaini ikapita. Mamlaka ile ilivunjwa mwaka 2017, na Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023, nusu karne baada ya uamuzi. Siubezi uamuzi wa 1973, na nafurahi kwamba hatimaye umetimia. Nauliza jambo moja tu: wale waliosema miaka kumi, waliipata wapi kumi? Walihesabu fedha zilizokuwapo, au walihesabu shauku? Mwalimu Nyerere alikwisha kutufundisha mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua. Mwenye kuchagua hukubali kuacha kitu. Ramani ya vyumba vinne kwa mtu mwenye fedha ya vyumba viwili ni kukataa kuchagua.

Leo itikadi hiyo inaishi katika kila kata. Wananchi wanahimizwa kuchangia nguvu zao: wanafyatua tofali, wanawake wanabeba maji kichwani, mzee anatoa kuku, kijana anatoa siku zake. Boma la darasa au la zahanati linasimama hadi kwenye lenta, kisha linasubiri "umaliziaji" kutoka juu. Umaliziaji unategemea bajeti, bajeti inategemea mwaka, mwaka unategemea uchaguzi. Neno lenyewe limeingia kwenye hotuba za bajeti kama kifungu cha kudumu: kukamilisha maboma. Taifa lenye kifungu cha kudumu cha kukamilisha maboma limekiri kwamba linaanza kuliko linavyomaliza.

Tazama pia tunachokisherehekea. Tuna sherehe ya kuweka jiwe la msingi. Kuna ngoma, kuna kitambaa, kuna kibao cha marumaru chenye jina la mgeni rasmi. Sijawahi kualikwa kwenye sherehe ya kukamilika kwa shimo la maji taka. Msingi ni wa kiongozi, choo ni cha mkandarasi. Mwananchi anayeona hayo mwaka baada ya mwaka hujifunza kwamba heshima iko mwanzoni, na anaporudi nyumbani kwake anaweka jiwe lake la msingi.

Lakini tunao ushahidi wa kinyume, nao hautoki ng'ambo. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa wakati wa UVIKO-19, Serikali iliamua kujenga madarasa 15,000. Unaweza kuubishia mkopo wenyewe. Mimi nina maswali yangu. Lakini angalia namna ujenzi ulivyopangwa. Kiasi kwa kila darasa kilijulikana, takriban shilingi milioni 20. Ramani ilikuwa moja. Hesabu haikuishia kwenye lenta, bali ilijumuisha dawati ambalo mtoto angekalia. Muda ulikuwa miezi, na mwanzoni mwa mwaka 2022 watoto waliingia katika madarasa hayo. Mafundi walikuwa walewale wanaoacha maboma Kibaigwa, na saruji ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba safari hii mtu alihesabu kuanzia kwenye dawati akirudi nyuma hadi kwenye msingi.

Ushahidi wa pili ni wa kale zaidi, na ni wetu. Babu zetu Wagogo walijenga tembe: kuta za fito na udongo, paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, kimo kifupi cha kuukwepa upepo wa nyanda hizi. Tembe ilijengwa kwa miti iliyopatikana na kwa mikono ya majirani waliokuja siku hiyo, na ililalika msimu uleule. Familia ilipokua, ubawa mwingine uliongezwa kuuzunguka ua ambamo ng'ombe walilala. Hakuna aliyejenga kuta za tembe ya wajukuu akalala nje akiwasubiri wazaliwe. Operesheni zetu za miaka ya 1970 ziliwahamisha watu kwenye vijiji na kuidharau tembe kama alama ya unyonge, zikaleta neno "nyumba bora". Ubora wa bati siukatai. Nani anataka kuvujiwa? Nasema tuliitupa tembe pamoja na busara yake ya kupanga: kamilisha kidogo, kalia, kisha ongeza.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba huku ni kuwafundisha maskini kuota ndoto ndogo, kwamba msomi mwenye mshahara anamwambia mkulima atosheke na vyumba viwili. La hasha. Mkulima ana haki ya vyumba sita. Ninachosema ni kwamba njia ya kuvifikia inapitia kwenye viwili vilivyokamilika, na anayemwelekeza kwingine ananufaika na kuchelewa kwake. Muuza saruji ameshauza. Mkopeshaji ameshakata. Mwanasiasa ameshapiga picha. Anayebaki na kuta ni mmoja tu. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Wala si veranda ya nguzo inayoonekana kutoka barabarani.

Nitaambiwa pia kwamba mpango wa uhakika hauwezekani kwa mtu ambaye kipato chake ni mahindi. Hoja hii ni nzito zaidi, na inatupeleka kwenye siasa. Katikati ya mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi yasiyosagwa kuuzwa nje ya nchi. Lengo lilitajwa kuwa usalama wa chakula. Bei ilianguka, na katika mji ambao soko lake linaitwa la kimataifa, mkulima aliyekuwa ameweka magunia akingoja bei nzuri ya kununulia bati aliambiwa msimu ukiwa umeshafika. Huwezi kumhubiria mtu huyo nidhamu ya kupanga huku wewe ukijihifadhia haki ya kuuvuruga mpango wake kwa tangazo la jioni moja. Nidhamu ya mwananchi na utabirikaji wa dola ni mambo yanayotegemeana. Ndiyo maana sikubali tatizo la maboma liachiwe wahamasishaji wa semina.

Kwa hiyo nina mambo ya kuwaambia wananchi na mambo ya kuidai Serikali.

Kwa mwananchi, hasa kijana anayeanza kazi na kushawishiwa kuanza tu: geuza hesabu. Usiulize ramani hii itagharimu kiasi gani. Uliza fedha nilizonazo, pamoja na zile nitakazozipata kwa hakika ndani ya misimu miwili, zinamaliza nini. Kumaliza maana yake ni paa, mlango unaofungwa, choo na mahali pa kuhifadhi maji. Toa kwanza sehemu ya kumi ya fedha hizo, uiweke pembeni kwa ajili ya yale usiyoyajua, maana yatatokea. Mlipe mtaalamu akupe makadirio ya hadi kitasa cha mwisho. Ada yake ni ndogo kuliko ukuta mmoja wa kubomoa. Chimba shimo, utazame udongo. Mwombe mchoraji akuchoree nyumba inayokua: vyumba viwili leo, na ukuta ambao kesho utapokea vingine bila kuvunjwa paa. Andikiana na fundi, hata kwenye karatasi ya daftari mbele ya mashahidi wawili, na umlipe kwa hatua aliyomaliza na si kwa hatua anayoahidi. Fuata kalenda ya nchi yako: fyatua tofali mvua zinapoisha na maji hayajawa ya kununua kwa dumu, jenga kiangazi, na kama hujajihakikishia kupaua kabla ya Desemba, usipandishe ukuta. Tofali zilizopangwa na kufunikwa vizuri huvumilia masika kuliko ukuta ulio wazi.

Kwa Serikali nadai machache yasiyohitaji mkopo wa nje. Kila halmashauri itoe bure ramani chache za nyumba ndogo zinazokua, kila moja ikiwa na orodha ya vifaa na makadirio ya bei za eneo hilo, yanayorekebishwa kila mwaka. Wataalamu wanaolipwa mshahara wa umma wapo, na kazi hiyo ni ya wiki chache. Kusiwe na jiwe la msingi la jengo la umma ambalo fedha yake haijatengwa hadi samani, na michango ya wananchi isikusanywe kabla sehemu ya Serikali haijaandikwa kwa tarakimu na tarehe. Wanaokopesha watumishi kwa ajili ya ujenzi walazimishwe kumwonyesha mkopaji, kabla hajatia sahihi, ni hatua ipi ya nyumba mkopo huo utaifikisha. Na sera ya biashara ya nafaka itangazwe kabla ya kupanda, ibaki hivyo hadi kuvuna.

Nimalizie nilikoanzia. Jioni ile Kibaigwa, baada ya kuhesabu maboma 31, nilikaa na mama uani nikaanza kumweleza mpango wangu mpya: mwakani nitachukua mkopo mwingine, tutabomoa ile kona yenye ufa, tutaimarisha msingi, kisha tutapaua nyumba yote kwa mpigo. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyonisikiliza siku zote. Kisha akasema, "Baba, mimi nina miaka sabini na minne. Hivyo vyumba vyote ni vya nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilitoa ramani ya rafiki yangu na kalamu nyekundu. Upande ulio mbali na udongo mweusi una vyumba viwili na mahali palipokusudiwa kuwa stoo, panapotosha choo na bafu. Kuta zake ni nzima. Asubuhi nilimwita fundi, tukapima, tukaandika orodha ya vifaa hadi vitasa, na jumla yake ni chini ya nusu ya mkopo niliokuwa nataka kuuchukua. Fedha hiyo ninayo, isipokuwa ya tangi la maji, na hiyo nitaipata kabla mavuno hayajaisha. Sebule mbili, vyumba vingine viwili na veranda ya nguzo nimevifuta. Tofali zake tutazing'oa taratibu tujengee uzio wa ua.

Bati zinapanda kenchini mwezi wa nane. Safari hii mama hajaniuliza ni lini atahamia. Ameniuliza mlango utatazama upande gani, ili ajue mahali pa kuweka kiti chake.